Sentabodi ya Kwanza Ilivunjikia Mbudya

Daktari alishuka kwenye bajaji pale karakanani kwetu Keko, Dar es Salaam, akiwa na vipande viwili vya ubao wa mashua yake ya tanga, vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa Mei, masika bado hayajafunga virago, uwanja mzima tope lililochanganyika na maranda. Akavilaza juu ya kitanda nilichokuwa nakipiga msasa, akauliza, "Fundi, unaweza kunitengenezea kipya kama hiki?"

Nikavitazama. Ni ubao mmoja uliokatika, ukiuunganisha unanifika kifuani, una tundu moja upande wa juu na kingo zilizopunguzwa kwa randa. Mimi nimeunda vitanda vya futi sita kwa sita, makabati ya jikoni, milango ya paneli ambayo wezi walibomoa ukuta wakauacha mlango umesimama. Ubao mmoja utanishinda nini? Nikampa lile jibu letu la mafundi: "Hii ndogo, Daktari. Njoo Jumamosi."

Ubao alikuja kuupata Oktoba. Katikati hapo nilitengeneza mmoja ukavunjika tukiwa baharini, nikaokolewa na wavuvi, na nikala hasara ya shilingi 173,000 ambayo mke wangu bado anaitaja kila ada ya shule inapofika. Tangu hapo wameshanijia watu watatu wenye vyombo vya aina hiyo, na kila mmoja kabla ya kufika kwangu alikuwa ameshapelekwa mahali akafanyiwa makosa yaleyale niliyoyafanya mimi. Ndiyo maana naandika.

Chombo chenyewe ni Enterprise, mashua ndogo ya tanga ya watu wawili iliyobuniwa na Mwingereza Jack Holt mwaka 1956. Ina urefu wa mita 4.04, na utaitambua toka mbali kwa matanga yake ya buluu. Hicho cha Daktari ni cha plaiwudi, kimenizidi umri, alikinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, pamoja na toroli lake na sanduku la vipuri ambavyo nusu vilikuwa kutu. Chini yake kinakaribia kuwa bapa. Hakina mkuku, ule mti mrefu wa chini wa kushika maji, kama jahazi. Ukikitweka tanga hivihivi, upepo ukija wa ubavuni kinateleza kwenda demanini, kule upepo unakoelekea, na habari ya kwenda bisho, yaani kupanda kinyume cha upepo, usahau. Kinachokizuia kuteleza ni ubao huu. Unakaa ndani ya sanduku jembamba lililojengwa katikati ya chombo, unazunguka kwenye bolti moja. Ukitaka kwenda joshini, upande upepo unakotoka, unaushusha uchomoze chini, ukikaribia ufukwe unaupandisha. Jina lake la Kiswahili sijalisikia hata kwa manahodha. Sisi karakanani tunauita sentabodi, na jina limekaa.

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijagusa msumeno. Nililaza vile vipande viwili juu ya kadibodi, nikavisogeza mpaka mpasuko ukutane na mpasuko, nikachora kuzunguka. Lakini ubao uliovunjika haukutani. Nyuzi zilizochanika zimevimba, nyingine zimebaki baharini, ukidhani umeunganisha kumbe umeacha pengo. Mchoro wangu ulikuwa umeongezeka sentimita moja na nusu. Na tundu la bolti lilikuwa limelika mpaka limekuwa kama yai. Nikaweka alama katikati ya yai, wakati tundu la asili lilikuwa kwenye ncha moja ya yai lile, upande usiolika.

Siku hizi sichukui kipimo kwenye ubao wa zamani peke yake. Naenda kilipo chombo, nakilaza ubavu juu ya matairi, napima kutoka kwenye bolti mpaka mwanzo wa upenyo wa chini ya sanduku, pale ubao unapotokea, kutoka kwenye bolti mpaka mwisho wake, na kimo cha sanduku. Halafu nakata ubao wa bandia wa plaiwudi nyembamba ya milimita 6, nautia bolti, naushusha na kuupandisha mara kumi. Unakwama wapi, unagusa nyuma, unaingia wote ndani? Nikiona sawa, huo bandia ndio kiolezo changu. Kipande cha plaiwudi nyembamba ni hela ya chai ukilinganisha na kurudia ubao mzima.

Na usiamini upana wa upenyo uliopimia sehemu moja. Sanduku la chombo cha zamani limeshakunywa maji miaka, kuta zake zimejaa tumbo. La Daktari lilikuwa na milimita 23 mbele, 22 nyuma, na katikati, mahali ambapo futi yangu haikufika, lilikuwa 20 na nusu. Hilo nililijua baadaye sana. Njia niliyoigundua ni hii: kata kijiti cha upana unaoutaka, kipake chaki ya rangi pande zote mbili, kipitishe taratibu ndani ya sanduku toka mbele hadi nyuma. Pale chaki inapobaki ukutani ndipo penye tumbo.

Plaiwudi nilinunua Kariakoo, shiti nzima ya milimita 18, shilingi 135,000, kwa sababu nusu shiti hawauzi. Ilikuwa na muhuri wa BS 1088, kile kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya vyombo vya majini. Muhuri ni wino, na wino mtu yeyote anao. Ningekata kipande cha kiganja nikakichemsha jikoni saa moja, ningejua mapema; plaiwudi ya kweli ya majini hutoka kwenye sufuria imelowa lakini imeshikana, ya magumashi huachana kama chapati za kusukuma. Nilikuja kukifanya kipimo hicho Julai, na kipande kilichobaki cha shiti ileile. Kiliachana kabla ugali wa mchana haujaiva.

Kuchonga kulinipa raha, siwezi kusema uongo. Ukipiga randa plaiwudi kwa mshazari, mistari ya gundi inajitokeza juu ya ubao kama mistari ya vilima kwenye ramani. Mistari ikienda sambamba umechonga sawasawa. Ikipinda, hapo umekula zaidi. Ukigeuza upande wa pili ukahesabu mistari ileile, pande zinalingana. Vijana wote wa karakana waliacha kazi wakaja kutazama. Kilichoniharibia ni akili ya samani: nikaona ubao wa kukata maji lazima uwe na makali kama kisu, nikachonga ukingo wa mbele mpaka ukawa unakata kidole.

Sivyo. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi ukamtazame jodari kabla hajakatwa. Mbele ni mviringo mnene, unene wake mkubwa unakuja karibu theluthi ya mwili, kisha anapungua polepole mpaka mkiani. Ubao unataka umbo hilo. Ukingo wa mbele ukiwa kisu, chombo kikikata pembe kidogo tu maji yanaachana na ubao, na ubao hauna tena cha kushikilia. Wapo wanaotaka kuchonga umbo kamili la bawa la ndege, unene asilimia 12 ya upana. Fanya hesabu kwanza. Upana wa sentimita 33 unadai unene wa karibu sentimita 4, na upenyo wako una sentimita mbili. Mwenye kuamua ni upenyo. Kazi yako inabaki kwenye kingo, mbele uzungushe, nyuma upunguze. Na kama chombo kinaingia kwenye mashindano rasmi, soma kanuni za aina yake kabla ya kuchonga, maana kila aina ina vipimo vyake.

Kisha nikaufunika kwa faibaglasi. Nilitumia rezini ya polista, ile wanayotengenezea matangi na bampa za magari, na ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, kwa sababu jirani yangu anauza na alinikopesha. Rezini na mkeka 38,000, rangi 22,000, usafiri 15,000. Ukijumlisha na plaiwudi, 210,000. Tulikuwa tumepatana 250,000. Nikajiona nimetoka na 40,000 safi.

Tulikwenda kuujaribu ufukwe wa Kunduchi, Julai, upepo wa kusi umeshika. Hapo niseme kitu kimoja: mimi ni mzaliwa wa Tabora. Bahari nimeiona nina miaka 19, na kuogelea kwangu ni kule kwa mtoni, miguu ikigusa. Daktari akanivalisha jaketi la kuokolea akanifunga mikanda mwenyewe, kama anavyomfunga mgonjwa bendeji.

Ubao uligoma kushuka. Milimita 18 za plaiwudi, ongeza mkeka pande mbili, ongeza rangi, ilikuwa imefika 20 na nusu, kulekule kwenye tumbo la sanduku. Daktari akaukanyaga kwa kisigino ukashuka kwa kelele. Kupanda nako haukupanda wote; kwa sababu ya lile tundu la katikati ya yai, sentimita tatu zilibaki nje, na tulipokuwa tunakisukuma chombo kutoka mchangani uzito wote ulikuwa umekaa juu ya hizo sentimita tatu. Nilisikia mkwaruzo. Nikanyamaza. Fundi akisikia mkwaruzo akanyamaza, ujue anaomba Mungu.

Kwenda kisiwa cha Mbudya tulikwenda vizuri. Tulipogeuka kurudi, upepo ukaja kwa kishindo, chombo kikalala, tukaingia majini wote wawili. Daktari hakushtuka, maana vyombo hivi vidogo kupinduka ni jambo la kawaida: unaogelea mpaka upande wa chini, unapanda juu ya sentabodi iliyochomoza, uzito wako unakiinua chombo. Akapanda. Chombo hakikuinuka, tanga limejaa maji. Akaniita, "Fundi, panda na wewe!" Nikapanda kwa magoti, nikasimama, nimemshika kiunoni. Tukarudi nyuma mpaka kwenye ncha ili tuongeze nguvu.

Ubao ulilia mara mbili. Mara ya kwanza mlio mdogo, kama mtu anavunja muwa kwa goti. Mara ya pili sikuusikia, nilikuwa chini ya maji.

Baadaye nilipiga hesabu. Mimi kilo 84, Daktari 91. Jumla 175, tumesimama karibu sentimita 80 kutoka pale ubao unapotokea kwenye chombo, na ubao wenyewe una unene wa milimita 18. Hata plaiwudi halali ingelalamika. Kwa hiyo mwenye chombo, hili ni lako: simama mmoja, na simama karibu na mbavu za chombo, usiende kwenye ncha. Mikono ishike kamba, miguu ikae shinani.

Bila sentabodi tulikuwa kopo tu. Kusi likatusukuma kuelekea upande wa Bagamoyo, Daktari akijaribu usukani, chombo kinateleza kwa ubavu kama kaa. Saa moja na dakika ishirini mpaka mashua ya wavuvi ikatuona. Walituvuta mpaka ufukweni na hawakutaja bei. Daktari akawapa 30,000 akaongeza shukrani, nami nikabaki mchangani natapika maji ya chumvi mbele ya watoto.

Pale ufukweni alikuwapo mzee mmoja anachonga ngalawa. Alikiokota kile kipande kilichobaki kwenye chombo, akakigeuza.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Nani kachonga huu?"

"Mimi, babu."

Akaingiza ukucha kwenye ngozi ya faibaglasi pale palipovunjika, akaivuta. Ikabanduka yote, kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake ubao umelowa. Polista haishiki mbao vizuri, na mimi sikujua. Maji yalikuwa yameingilia kwenye tundu la bolti, ambalo nililitoboa mwisho kabisa, baada ya kupaka kila kitu, nikaliacha mbao ziko wazi. Babu akasema, "Huu ubao hauna sifa." Wavuvi wakacheka. Mimi mtu wa bara nikadhani ananitukana tu. Ilibidi nielezwe kwamba sifa ni yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo. Alikuwa amenitukana mara mbili kwa neno moja.

Kisha akanionyesha matabaka ya plaiwudi. Moja nyuzi zake zimesimama, linalofuata nyuzi zimelala, moja zimesimama, moja zimelala. Akauliza, "Kasia ungelichonga kwa mbao za kulala?" Nikasema hapana. "Basi humu nusu ya mbao zimelala. Zilizolala hazibebi." Nimesoma mengi tangu siku ile na sijaona maelezo yaliyonikaa kuliko hayo. Plaiwudi ni nzuri kwa ukuta wa chombo, unaosukumwa kutoka kila upande. Ubao unaoning'inia kama kasia unabeba upande mmoja tu, na karibu nusu ya plaiwudi uliyoilipia inakuwa abiria.

Daktari hakudai hela yake. Aliketi juu ya ukingo wa chombo, akanyoosha soksi zake, akasema, "Fundi, mgonjwa amefia mezani. Tujue kwanza kilichomuua, halafu tuanze upya." Tukakubaliana ataongeza 100,000 kwa ajili ya epoksi, ile gundi ya kuchanganya kopo mbili, na mbao na kazi ni juu yangu.

Safari hii nikarudi kwenye kitu ninachokijua. Mninga. Nimekulia ndani ya mninga; nyumbani Tabora ukitikisa mti unadondosha mbegu zenye bawa kama hereni. Sifa yake kubwa, na hapa nina maana sifa zile za kusifiwa, ni kwamba ukishakauka hauendi mahali: hauvimbi sana, haupindi sana. Ndiyo maana milango yake haikwami masika. Nilipata mbao kavu iliyokaa stoo ya rafiki miaka, 85,000, na kuipitisha mashine ya randa 10,000. Mkangazi nao ungefaa na ni mwepesi zaidi. Msaji pia, ila una mafuta, lazima uufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya gundi, la sivyo gundi inakaa juu juu.

Usichukue mbao moja pana. Nilizipasua fito za upana wa milimita 45, nane, na kabla ya kuziunganisha nikageuza moja baada ya moja: hii kichwa juu, hii kichwa chini, hii pete za mti zinatazama kulia, hii kushoto. Kila fito ikitaka kupinda, jirani yake anaikatalia. Nikaziunga kwa epoksi juu ya meza iliyotandikwa nailoni, nikazibana kwa kamba na kabari. Hapo nikavunja mazoea mengine ya samani. Gundi nyeupe tunaibana mpaka itoke jasho. Epoksi ukiikamua hivyo unaitoa yote na kiungo kinabaki kikavu. Bana kiasi cha kugusana, basi.

Epoksi ilinifundisha adabu. Shilingi 145,000 kopo mbili, rezini na kigumishi, unachanganya kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, si kwa jicho. Ukiongeza kigumishi ili ikauke haraka, haikauki haraka. Inabaki laini milele. Mara ya kwanza nilichanganya nusu lita kwenye kopo la mtindi, nikajibu simu ya mteja wa kabati. Niliporudi kopo linatoa moshi, limeyeyuka upande, limetoboa nailoni. Joto la Dar linaiharakisha, na ikikaa nyingi pamoja inajipasha yenyewe. Changanya kidogo, imwage kwenye sinia pana, fanya haraka. Vaa glovu hata kama vijana wanakucheka. Kijana wangu mmoja aliyecheka alivimba mikono wiki mbili. Na barakoa wakati wa msasa, kwa sababu vumbi la mninga linanipigisha chafya tangu utoto, na la faibaglasi linawasha mpaka ndani ya shuka.

Saa ya kupaka ina maana kuliko brashi. Nilipaka koti la kwanza asubuhi, kivulini, nikijiona mjanja nimelikwepa jua. Saa tano ubao mzima umeota chunusi. Kumbe mbao ina hewa ndani, siku inavyopata joto hewa inatanuka na kutoka kupitia epoksi mbichi. Nikakwangua yote. La pili nikalianza saa kumi na moja jioni, joto linashuka, ubao ukawa unavuta epoksi ndani badala ya kuipulizia. Laini kama kioo. Asubuhi yake utakuta utando wa mafuta mafuta juu. Usiupige msasa, utaupakaza tu. Osha kwa maji na dodoki kwanza, uache ukauke, ndipo msasa. Kisha kitambaa cha faibaglasi kile cha kufumwa, gramu 200 kwa mita ya mraba, pande mbili, hakina unene wa kukusumbua kama ule mkeka. Kitambaa 30,000, asetoni, glovu na brashi 18,000.

Tundu la bolti ndilo nililolihangaikia zaidi, kwa sababu ndilo lililoua ubao wa awali wa Daktari na ndilo lililoingiza maji kwenye wangu. Nilitoboa tundu kubwa la milimita 35, nikaziba chini kwa selotepu, nikalijaza epoksi iliyokorogwa na unga laini wa mninga mpaka ikawa uji mzito, kwa awamu mbili isije ikachemka. Ilipokauka, nikapeleka ubao Gerezani kwa fundi wa mashine ya lethi. Akachonga bushi ya nailoni, yaani kibomba kifupi cha kupitisha bolti, akatoboa kati kwa mashine ya kusimama ili tundu liwe wima kabisa, 25,000. Sasa bolti inazunguka ndani ya nailoni, nailoni imekaa ndani ya epoksi, na maji hayaioni mbao kabisa. Ukitoboa kwa drili ya mkono tundu likaenda mshazari hata kidogo, ncha ya chini ya ubao itachungulia pembeni, na hakuna randa itakayokuponya.

Ukingo wa mbele kuelekea ncha nilichimba mfereji mdogo kwa patasi, nikalaza humo kamba ya nailoni iliyolowana epoksi, nikaizungusha kwa msasa. Chombo kitagonga tumbawe siku moja. Kikigonga, kamba inachubuka lakini haipasuki, na unaona mahali pa kutia kiraka.

Sanduku nalo nikalitibu: mbao ndefu nyembamba yenye msasa namba 40 uliogundishwa, nikalisugua lile tumbo siku nzima, nimelala kifudifudi ndani ya chombo, mpaka nikapata milimita 21 na nusu. Ubao ukiwa na rangi zake zote ulifika 19 na nusu. Milimita mbili zilizobaki ni za mchanga na kokoto, usizionee uchungu.

Tuliushusha Oktoba, tangambili, upepo wa mashaka unaokuja na kuondoka. Uliingia kwa kidole kimoja. Tulikwenda bisho mara nne mpaka karibu na Mbudya na kurudi, na mara hii nilitazama nyuma: mkia wa maji umenyooka, chombo hakitelezi. Kitu kimoja tu, upepo ulipopanda ubao ukaanza kuimba. Mvumo mzito, unausikia kwenye nyayo. Daktari akaona raha, mimi nikaona kasoro. Ukingo wa nyuma nilikuwa nimeuacha mviringo, maji yanauacha kwa zamu huku na huku na ubao unatetemeka. Tuliporudi nikaukata mshazari upande mmoja kwa tupa, ukingo ukabaki na milimita tatu zenye kona kali. Ukanyamaza. Daktari alisikitika kidogo.

Mahesabu, kwa mtu anayetaka kumpa bei mteja: ubao wa kwanza 210,000, wa pili 313,000, jumla 523,000. Nilipokea 350,000. Siku hizi mteja akija na Enterprise au ndugu zake namwambia 480,000, na simwambii Jumamosi. Ubao usipotumika mwambie aulaze bapa kivulini; ukiegemezwa ukutani juani hata mninga utajifunza kupinda.

Wiki iliyopita Daktari alishuka tena kwenye bajaji. Ameleta usukani, umepasuka kuanzia kwenye tundu la bolti. Nilikata kipande kidogo pembeni nikakiweka kwenye sufuria kabla hata hatujasalimiana vizuri.